Barua ya kiwanda haivuki bahari

Fungua mlango wa dereva wa gari lolote lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, kisha uiname utazame nguzo ya katikati, pale kwenye kichuma kinachodakwa na kitasa mlango unapofungwa. Kwenye baadhi ya magari utakuta stika ndogo karibu na kichuma hicho, imepauka, ina maandishi ya Kijapani na namba. Watu huipita wakidhani ni alama ya mnada au ya meli. Mara nyingi ni kumbukumbu ya matengenezo. Kiwanda kiligundua kasoro inayohatarisha maisha, kikaliita gari lirudi, likarudi, kasoro ikaondolewa bila mwenye gari kulipa hata yeni moja, na fundi akabandika namba ya wito ule ili anayekuja baadaye ajue.

Gari lisilo na stika hiyo ndilo la kuulizia. Huenda halikuwahi kuitwa. Huenda liliitwa na likatengenezwa, ila stika haikubandikwa, maana si kila wito ulikuwa na stika yake. Na huenda liliitwa, mwenyewe akaiacha barua mezani mpaka siku alipoliuza mnadani, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa na kasoro yake ikiwa vilevile. Kwa kutazama tu, magari hayo matatu hayana tofauti.

Nenda kwenye yadi yoyote ya magari siku ya Jumamosi, usikilize maswali. Fundi aliyekuja na mnunuzi atachomoa kijiti cha oili akinuse. Atawasha injini ikiwa ya baridi, ataingiza gia ya nyuma na ya mbele kwa zamu kusikiliza kama inagonga, atapitisha kiganja kwenye bodi kutafuta pati iliyofichwa chini ya rangi. Mnunuzi atauliza kilomita, atauliza ulaji wa mafuta, atauliza kama bei ina maelewano. Dalali atajibu kwamba gari hili ni la kuwasha na kuondoka. Maswali yote hayo ni ya haki. Lakini swali la kama kiwanda kina deni na gari hili, deni la usalama ambalo halijalipwa, ni nadra sana kulisikia, ingawa jibu lake mara nyingi linapatikana bure kwenye simu iliyo mfukoni mwa mnunuzi huyohuyo.

Sababu ya kimya hiki iko kwenye mpangilio wenyewe wa kazi hii. Japani, kama ilivyo Marekani na Ulaya, kiwanda kinachogundua kasoro ya usalama hulazimika kuitangaza kwa serikali na kumwandikia kila mmiliki aliyesajiliwa. Gari linapofutwa kwenye daftari la Japani ili lisafirishwe, jina la mmiliki mpya huandikwa TRA kwetu Tanzania, au NTSA kwa Wakenya, na kiwanda hakina habari naye. Kasoro ikigunduliwa mwaka mmoja baada ya meli kuondoka, barua haina anwani ya kwenda. Ikigunduliwa kabla, barua ilikwenda kwa mtu wa Nagoya au Saitama ambaye hatutamwona maishani. Karatasi ya mnada nayo haisaidii sana hapa: itakuambia mlango wa kushoto una mkwaruzo, bampa limepakwa rangi, kiti kimeungua kwa sigara. Kazi yake ni kueleza hali ya gari kama mkaguzi alivyoiona siku ile, na kasoro inayoitiwa gari kwa kawaida haionekani kwa macho.

Hakuna kisa kinachotugusa kwa karibu kama cha Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilianza mwaka 1933 kwa kazi ya ufumaji, baadaye ikatengeneza mikanda ya viti, kisha ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani wa eabegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga. Ndani ya usukani, na nyuma ya dashibodi upande wa abiria, kuna kopo dogo la chuma. Ndani ya kopo kuna kemikali iliyoshindiliwa kuwa vidonge. Gari likigonga, kihisio hutuma umeme, vidonge huwaka na kutoa gesi, na gesi huujaza mfuko kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kila kitu kinategemea kasi ya kuungua kwa vidonge hivyo. Vikiungua taratibu mno, mfuko huchelewa. Vikiungua haraka mno, kopo lenyewe hupasuka.

Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni Takata ilitegemea amonia naitreti, kemikali ambayo mkulima wa Mbeya anaijua kwenye mbolea na mchimbaji wa Geita anaijua kwenye baruti ya kupasulia miamba. Ni rahisi kwa bei, na ina nguvu. Ila huvuta unyevu. Uchunguzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha mambo matatu yakikutana: vidonge vya amonia naitreti visivyo na kitu cha kukausha unyevu, kopo linaloruhusu unyevu kupenya, na miaka mingi ya joto kupanda na kushuka. Mchana gari linaiva juani, usiku linapoa, kesho tena. Vidonge hubadilika taratibu, huwa na vitundu, na siku vikiwashwa huungua kwa kasi ambayo kopo haliwezi kuihimili. Vipande vya chuma hutoboa kitambaa cha mfuko na kumpiga dereva usoni na shingoni.

Honda ilianza kuita magari kwa ajili hiyo Novemba 2008, na idadi ilikuwa ndogo: takriban 4,000 tu. Mei 2009, huko Oklahoma, msichana wa miaka 18 aligongana na gari jingine kwenye maegesho ya shule kwa kishindo kidogo ambacho mtu alitarajiwa kutoka salama. Chuma kilimkata mshipa wa shingo. Miaka mitano baadaye, mwishoni mwa Septemba 2014, mwanamke mmoja mjini Orlando, Florida, alipata ajali akiwa na Honda Accord ya 2001. Alikutwa na majeraha shingoni yaliyowafanya wapelelezi wafikirie kuwa amechomwa kisu. Wakaanza kumtafuta muuaji. Kisha barua ya Honda ikafika nyumbani kwake, ikimwomba alipeleke gari likabadilishwe eabegi. Ilifika takriban wiki moja baada ya ajali.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na kila mara nabaki na swali moja. Pale Orlando wapelelezi walikosea mwanzoni, lakini barua ikaja, wakajua. Kwetu barua haiji. Dereva akifa kwa jeraha la shingo kwenye barabara ya Morogoro au ya Mombasa kwenda Nairobi, gari likiwa limebonyea mbele, eabegi imening'inia nje, nani atafikiri kuichunguza? Itaandikwa ajali, na ni ajali kweli, na maiti itazikwa.

Nchini Marekani peke yake eabegi zipatazo milioni 67 ziliitwa zibadilishwe, na serikali ya huko imethibitisha vifo 28 na majeruhi zaidi ya 400. Duniani kote hesabu ilifika karibu milioni 100, wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Januari 2017 Takata ilikubali makosa ya udanganyifu mbele ya serikali ya Marekani, ikiwemo kuwapa viwanda vya magari matokeo ya majaribio yaliyochezewa, na ikakubali kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Sasa tazama miaka na majina. Mei 2015 Toyota ilitangaza wito mmoja wa magari takriban milioni 5 duniani, yakiwemo Corolla na Vitz yaliyotengenezwa kati ya 2003 na 2007. Honda Fit zimo kwenye miito ya Takata. Nissan X-Trail zimo. Hayo ndiyo magari ya mtaani kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yadi za Nairobi zina magari mapya kidogo, lakini yale ya zamani yaliyoingia kabla bado yanatembea Kisumu na Kakamega. Tanzania gari la zamani hutozwa ushuru zaidi lakini huingia, na gari la 2005 lililotunzwa ni gari la kujivunia. Ndilo linalopeleka watoto shule, ndilo linalofanya kazi ya teksi usiku.

Ukaribu wa bahari unaongeza uzito. Mwaka 2014, Marekani ilipoanza kuharakisha wito, ilianza na maeneo ya joto na unyevu mwingi: Florida, Hawaii, Puerto Rico. Baadaye ikagawa majimbo yake katika kanda tatu, na kanda ya joto na unyevu ikapewa nafasi ya kwanza. Malaysia, nchi ya joto na mvua, ilipata vifo kadhaa katika magari ya Honda. Mkazi wa Tanga, Unguja, Dar es Salaam au Lamu hahitaji ramani ya kanda ili ajue yeye yuko upande gani. Gari linaloegeshwa juani Kariakoo tangu asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, linapata hasa kile ambacho wataalamu walisema kinaharibu vidonge vile.

Wajapani wenyewe waliona kwamba barua hazitoshi. Tangu Mei 2018, gari lenye eabegi za Takata za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa haliruhusiwi kupita ukaguzi wa lazima, ule ambao gari binafsi la kawaida hufanyiwa linapotimiza miaka mitatu na kila baada ya miaka miwili tangu hapo. Bila ukaguzi, gari halitembei. Ni hatua nzuri kwa Japani. Lakini mtu anayeliondoa gari lake nchini hahitaji kulipitisha kwenye ukaguzi huo tena, na ndipo mlango unapobaki wazi kuelekea kwetu.

Takata si peke yake. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 kwa sababu ya swichi ya dirisha, ile iliyo kwenye mlango wa dereva. Grisi ya ndani haikupakwa sawasawa, swichi ikawa nzito na inakwama, na ingeweza kupata moto. Vitz, Ractis, Belta, Ist na Auris zilizouzwa Japani zilikuwa kwenye orodha. Toyota iliongeza onyo ambalo kila fundi wa umeme wa magari hapa angepaswa kulijua: ukipulizia swichi hiyo vilainishi vya kawaida vya dukani ili irudi kuwa laini, inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Nani hajaona swichi ya dirisha ikipuliziwa kopo la kulainishia kwenye gereji ya chini ya mwembe? Fundi anafanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Wapenzi wa Subaru, na Kenya wako wengi, wana lao. Mapema 2019 kampuni hiyo iliita magari takriban milioni 2.3 duniani, Forester na Impreza zikiwemo, kwa ajili ya swichi ya taa za breki. Gesi zinazotoka kwenye vipodozi, dawa za kulainisha nguo na vitu vya kusafishia ndani ya gari zilikuwa zinaathiri swichi, na taa za breki zinaacha kuwaka. Na mwaka 2020 ikaja pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso, ambayo kipande chake cha ndani huweza kuvimba na kuzima injini barabarani. Toyota peke yake iliita magari karibu milioni 6. Magari yale ya 2013 hadi 2019 ndiyo yaliyojaza yadi zetu miaka hii.

Basi mtu anaangaliaje? Anza na namba ya chesisi. Iko kwenye kadi ya gari, na imepigwa kwenye chuma: mara nyingi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini ukifungua boneti, au chini ya zulia karibu na kiti cha mbele, na iko pia kwenye kibao cha bati chenye jina la kiwanda. Isome kwenye chuma kwanza, kisha ulinganishe na kadi, maana namba zisizofanana ni tatizo jingine kubwa kuliko tunaloliongelea leo.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana herufi na tarakimu chache za aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfululizo. Corolla nyingi za 2001 hadi 2006, kwa mfano, huanza na NZE121. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu huingiza namba hiyo kwenye mtandao wa usalama barabarani wa Marekani na mtandao unaikataa. Utaikataa daima, maana ule ni wa magari yaliyouzwa Marekani. Gari la Japani huulizwa Japani. Toyota, Nissan, Honda, Mazda, Subaru, Suzuki na Mitsubishi, kila mmoja ana ukurasa wake wa Kijapani wa kutafuta wito kwa namba ya chesisi. Ukurasa wa Toyota una visanduku viwili: cha kwanza unaandika sehemu iliyo kabla ya kistari, cha pili unaandika namba iliyo baada yake. Simu za siku hizi hutafsiri ukurasa wenyewe. Jibu hukuambia kama gari limo kwenye wito wowote, na kama kazi imefanyika au bado. Piga picha ya jibu hilo ulihifadhi.

Kwa magari yaliyotoka Marekani, ambayo huja kwa wingi kupitia Dubai na Sharjah na kufika hadi Rwanda, Burundi na Kongo, mtandao wa shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, unafaa, na ni bure tangu 2014. Namba yao ya tarakimu na herufi 17 husomeka kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kinachofanana na O, andika sifuri. Gari lililotoka Uingereza huulizwa kwenye ukurasa wa serikali ya huko kwa namba yake ya zamani ya usajili, ndiyo maana nyaraka za Uingereza hazitupwi. Na kama una Hilux iliyonunuliwa mpya kwa wakala wa hapa, namba ikianza na AHT, hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini. Wakala aliyeiuza anapaswa kuwa na kumbukumbu zake, na ni haki yako kumpigia simu.

Tuseme umeangalia, na jibu limekuja kwamba wito upo na kazi haijafanyika. Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kumpa msomaji matumaini ya bure. Gari lililoingia kupitia mnada halikuuzwa na wakala wa hapa, na wakala anaweza kukuambia kwamba halimhusu. Muulize hata hivyo, kwa maandishi, ukiambatanisha picha ya ukurasa wa kiwanda. Ombi lililoandikwa lina uzito ambao swali la kaunta halina. Akikubali kuagiza kifaa kwa gharama yako, linganisha gharama hiyo na bei unayotaka kulilipia gari. Kama bado hujanunua, una nguvu yote mkononi: mwambie muuzaji alitengeneze kwanza, au apunguze, au uende gari linalofuata. Muuzaji anayeagiza kutoka Japani anaweza kuagizwa alipeleke gari kwa wakala wa kiwanda huko kabla ya kupakia. Huko kazi ni bure, na gari likishavuka bahari bure hiyo imekwisha.

Kama tayari unaliendesha, inategemea ni wito gani. Kwa zile Honda na Acura za 2001 hadi 2003 zenye eabegi za Takata za aina ya mwanzo kabisa, Wamarekani walipima wakakuta uwezekano wa kupasuka unafika nusu kwa nusu, na ushauri wao ni kwamba gari lisiendeshwe. Januari 2024 Toyota iliwaambia Wamarekani wenye Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005 zisizotengenezwa waache kuziendesha mpaka zirekebishwe. Kasoro ikiwa upande wa abiria, kiti cha mbele kibaki tupu. Toyota yenyewe ilitoa ushauri huo vifaa vilipokuwa haba. Dereva asogeze kiti nyuma, kifua kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi. Na fundi wa kawaida asiguse eabegi kabla ya kuchomoa waya wa betri na kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo huo hubaki na umeme hata betri ikishatenganishwa.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja mmoja hawezi kuumaliza mzigo huu. TBS, shirika la viwango la Tanzania, wanakagua magari yaliyotumika. KEBS, la Kenya, wanakagua. Cheti cha ukaguzi tayari kina namba ya chesisi. Tangu ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, magari yanayokuja Kenya yamekuwa yakipimwa hata mionzi kabla ya kupakiwa. Mkaguzi aliyeko bandarini Japani, anayesoma Kijapani, aliyeshika kifaa cha kupimia mionzi kwa mkono mmoja na namba ya chesisi kwa mwingine, angetumia dakika chache tu kuiingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa kiwanda na kuandika mstari mmoja kwenye cheti: wito upo, au haupo, umefanyika, au haujafanyika. Gari lenye wito ambao haujafanyika lisipakiwe mpaka lipite kwa wakala, akiwa bado yuko mtaa wa pili na kazi ni ya bure. Sioni gharama gani ingezuia jambo hilo.

Mfano upo. New Zealand, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi na iliyojaa magari ya mnada kutoka Japani kama sisi, ilitangaza Aprili 2018 wito wa lazima kwa eabegi za Takata za aina ya mwanzo. Takriban magari 50,000 yaliguswa, na yale yaliyoingizwa yakiwa yametumika yalikuwemo. Serikali haikukubali hoja kwamba gari la mnada halina mwenyewe. Tanzania ina Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mlaji, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa mlaji ya 2012. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha meza ya ukaguzi na ukurasa wa kiwanda.

Kuna jambo la mwisho ambalo namba ya chesisi haiwezi kukuambia, na ni la hatari. Machi 2017 msichana mmoja mjini Las Vegas aliumizwa vibaya shingoni na eabegi ya Takata ndani ya Honda Accord ya 2002. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana eabegi ile haikuwa ya gari hilo. Ilitolewa kwenye Accord ya 2001 na kufungwa humo, na familia yake ilipolinunua gari haikujua. Kwetu, gari likigongwa mbele eabegi zikafumuka, mwenye gari huenda Gerezani, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Hapati kumbukumbu ya gari ilikotoka, wala mwaka wake. Wengine hawafungi kitu kabisa: wanarudisha kifuniko cha usukani kikiwa kitupu na kuchomoa balbu ya taa ya eabegi kwenye dashibodi ili mnunuzi asione ikiwaka.

Taa hiyo unaweza kuipima mwenyewe. Keti kwenye kiti cha dereva, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Tafuta taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, au herufi SRS. Kwenye Toyota nyingi inapaswa kuwaka kwa takriban sekunde sita kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka hata kidogo, huenda mtu ameichomoa. Tazama pia kifuniko cha katikati ya usukani kama rangi yake na ulaini wake vinafanana na usukani uliobaki, na dashibodi ya upande wa abiria kama ina mshono au gundi. Ukiona dalili kwamba gari liliwahi kugongwa mbele, muulize muuzaji eabegi ilitoka wapi na risiti iko wapi. Asipokuwa na jibu, toa gharama ya eabegi mpya kwenye bei utakayotaja.